Mfungo Sita wa Lamu: Mchezo, Matwari na Ibada

Waswahili wa zamani waliihesabu miezi ya Kiislamu kuanzia pale saumu inapokwisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, mpaka kufikia Mfungo Sita, ambao kwa Kiarabu ndio Rabiul Awwal, mwezi aliozaliwa Mtume. Jina lenyewe ni la kihesabu tu, halina pambo lolote. Lakini mtaje mwezi huo kwa mtu wa Lamu, wa Siyu, wa Faza au wa Kizingitini, uone uso wake unavyokunjuka. Kwake yeye huo ndio mwezi wa Maulidi, na Maulidi kwa watu wa visiwa vile ni zaidi ya usiku mmoja wa kusoma. Ni kilele cha mwaka mzima. Watu hujiwekea ahadi kwa kuutazama mwezi huo: mmoja ahifadhi kasida mpya, mwengine amalize kofia aliyoianza, wa tatu ashone tanga litakaloweza kumshinda jirani yake aliyemtangulia mwaka jana.

Insha hii yataka kuitazama historia ya jambo hilo, yaani jinsi mchezo na ibada zilivyokaa pamoja katika mji mmoja mdogo wa mawe, na gharama iliyolipwa hata vikakaa. Nasema mchezo kwa makusudi. Lugha yetu ina kitenzi kimoja, kucheza, kwa mambo ambayo lugha nyengine huyapa maneno mbali mbali: tunacheza bao, tunacheza ngoma, watoto wanacheza uwanjani, na gurudumu likilegea twasema nalo linacheza. Hali kadhalika, kushinda ni kumpita mwenzio na ni kukaa kutwa pahala. Aliyeshinda uwanjani akishinda na mpinzani wake, basi amepata ushindi wa namna mbili. Nadhani mtu asiyeuona uhusiano huu wa maneno hawezi kuielewa Lamu.

Mji wa Lamu kwa muda mrefu uligawanyika sehemu mbili. Khabari za zamani zataja makundi ya Zena na Suudi. Baadaye mgawanyiko ukawa wa Mkomani na Langoni. Mkomani, upande wa kaskazini, ndiko kwenye majumba ya mawe ya waungwana, yenye vidaka vya chokaa na milango ya nakshi. Langoni, upande wa kusini, kulijaa wageni na watu wa hali ya chini: Wahadhrami waliokuja na vyombo, Wangazija, watu wa visiwa vya Bajuni, na pia watumwa na walioachwa huru. Baina ya sehemu mbili hizi yalikuwapo mashindano ya kila namna, na makubwa yalikuwa ya ngoma. Kila upande ulikuwa na watunzi wake, wachezaji wake na wafadhili wake. Watu walitumia mali nyingi kwa karamu na mavazi, kwa ajili tu ya kuwaaibisha wenzao wa upande wa pili mbele ya mji. Mombasa mambo yalikuwa hivyo hivyo, na zilipokuja beni, ngoma zilizoiga gwaride na tarumbeta za majeshi ya Wazungu, mji ule ukagawanyika baina ya Kingi na Skochi.

Asidhani mtu kwamba mashindano haya yalikuwa ya wajinga. Muhamadi Kijumwa, aliyezaliwa Lamu karibu mwaka 1855 na kufariki 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mchonga milango, mpigaji ala na mtu wa ngoma. Huyu ndiye aliyeutunga utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, na ndiye aliyewanakilia wataalamu wa Kizungu tungo nyingi ambazo, lau si mkono wake, pengine leo tungezijua kwa majina tu. William Hichens alipokea miswada kutoka kwake, na Ernst Dammann alipofika Lamu katika miaka ya 1930 alimkuta mzee huyo bado ana kalamu mkononi. Kijumwa alisomeshwa elimu ya dini, akaijua. Akapenda ala na ngoma, naye hakuzificha. Mkono ule ule ulioandika sifa za Mtume ndio uliochonga kizingiti cha mlango wa tajiri na kushika kinanda arusini. Wakati wake watu walimlaumu kwa hilo. Mimi namtaja hapa kwa sababu maisha yake ni ushahidi kwamba swali la mchezo na ibada halikuletwa Lamu na vitabu vya karne ya 20. Lilikuwako mjini kabla, na kila mtu akalijibu kwa namna yake.

Sasa tuingie kwenye Maulidi yenyewe. Maulidi iliyozoeleka zaidi pwani yote, toka Lamu hadi Kilwa na Ngazija, ni ile ya Barzanji. Mtunzi wake, Jaafar al-Barzanji, alikuwa mufti wa madhehebu ya Shafi Madina na akafariki katika miaka ya 1760. Kitabu chake kwa jina lake la Kiarabu ni kidani cha vito, na kwa hakika ndivyo kilivyotungwa: ni nathari yenye vina, kila fungu likifungwa kwa sauti ile ile, hata msikilizaji asiyejua Kiarabu husikia pale shanga moja inapokutana na nyengine. Lamu ilikipenda kitabu hiki kiasi cha kukitia katika Kiswahili. Sayyid Abubakar bin Abdurrahman, maarufu kwa jina la Sayyid Mansab, aliyefariki mwaka 1922, aliitunga Barzanji kwa beti za Kiswahili. Kazi yake yafaa isomwe na kila anayejifunza utunzi, kwa namna alivyoweza kuubeba uzito wa maneno ya Kiarabu bila ya kuivunja mizani ya kwetu.

Lakini usomaji wa Barzanji kwa waungwana ulikuwa na adabu yake. Watu hukaa kwa safu, msomaji akapokewa na msomaji, udi ukafukizwa, na inapofika khabari ya kuzaliwa Mtume wote husimama. Mrashi hupitishwa, marashi ya waridi yakanyunyizwa mikononi. Ni jambo zuri na la utulivu. Ni jambo vile vile ambalo lilimjulisha kila mtu pahala pake: nani anasoma, nani anasikiliza, nani yuko barazani, na nani yuko nje kabisa, uchochoroni, akiwa amekuja kuchukua viatu vya bwana wake.

Hapa ndipo anapoingia Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalil-Layl, ambaye watu wote humwita Habib Swaleh. Alikuja Lamu kutoka Ngazija katika nusu ya pili ya karne ya 19, angali kijana, akasoma kwa mashekhe wa mji, akajulikana pia kwa uganga wa dawa. Kwa nasaba alikuwa sharifu, na kwa nasaba hiyo angeweza kukaa Mkomani pamoja na wakubwa. Yeye akachagua Langoni. Akawasomesha waliokuwa hawasomeshwi: wageni, wachukuzi, watumwa na watoto wao. Yafaa tukumbuke nyakati zenyewe. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya ya leo sheria kama hiyo ikatoka 1907. Kwa hiyo Habib Swaleh alikuwa akiwafunza watu ambao hali yao ilikuwa ikibadilika mbele ya macho yao, na ambao mabwana zao wa jana walikuwa bado hawajakubali kwamba imebadilika. Kumpa mtu kama huyo kitabu na kumkalisha safu ya mbele lilikuwa jambo zito kuliko tangazo lolote la serikali.

Msikiti aliouasisi, wenye chuo chake, ni Riyadha. Jina hilo halikutoka hewani. Huko Seiyun, Hadhramaut, Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyeishi baina ya 1843 na 1915, alikuwa na msikiti wake kwa jina hilo, na ndiye mtunzi wa Maulidi ya pili tunayoihusu hapa, Simtu Durar, maana yake uzi wa lulu. Tazama, msomaji, kidani cha vito kwa Barzanji na uzi wa lulu kwa Habshi. Watunzi hawa walijua kwamba sifa ni pambo, na pambo halina haya ya kuitwa pambo. Habib Swaleh akaileta Maulidi ya Habshi Lamu, na pamoja nayo matari, au matwari kwa lafudhi ya huko, yakapigwa katika nyumba ya ibada.

Wakubwa wa mji hawakuridhika. Walipinga ngoma kuingia msikitini, na nyuma ya hoja hiyo ilikuwapo nyengine iliyosemwa kwa sauti ya chini: kwamba waliokuja na matwari hayo ni watu wa ngoma kwa asili yao, na mwenye kuwaruhusu kupiga huwaruhusu kuwa sawa na wengine. Hoja ya kwanza ina wanavyuoni wa kuitetea, na nitairejea. Hii ya pili haina. Mwanaanthropolojia Abdul Hamid el-Zein, aliyeandika kitabu kizima juu ya dini ya Lamu, kilichotoka 1974, alionyesha wazi jinsi mabishano ya Maulidi yalivyokuwa pia mabishano ya daraja za watu. Kabla yake Peter Lienhardt alikwisha kuandika, mwaka 1959, juu ya chuo cha Riyadha na mji uliokizunguka. Ukiwasoma wote wawili waona jambo moja: yaliyokuwa yakishindanwa Lamu kwa ngoma za mitaa, kwa mali na kejeli, yalipata uwanja mpya. Mtu wa Langoni ambaye zamani angeukamilisha mwaka wake kwa kumshinda mtu wa Mkomani katika mchezo wa usiku, sasa aliweza kuukamilisha kwa kusimama katika safu ya matwari, amevaa kanzu nyeupe, akiitikia kasida aliyoihifadhi mwenyewe.

Ngoma za zamani hazikufa kwa ajili hiyo. Zilihamia kwenye kivuli cha Maulidi. Mpaka leo, siku za Maulidi ya Lamu, nje ya msikiti huchezwa goma, wanaume wakiwa kwenye safu moja na bakora zao, wakienda kwa taratibu inayomchosha mtazamaji mwenye haraka; na huchezwa kirumbizi, wawili wakiingia uwanjani na fimbo, kupigana na kukingana, mpaka wengine wawapokee. Ndani ni Mtume na sifa zake. Baina ya ndani na nje kuna kizingiti tu, na watu wanakivuka mara nyingi usiku mmoja.

Kuna ufundi wa kalenda ambao Lamu iliujua. Maulidi ya tarehe 12 kila mji huisoma kwake. Maulidi kubwa ya Lamu husomwa mwishoni mwa mwezi, katika Alkhamisi ya mwisho, na ziyara huwa Ijumaa. Hivyo mtu wa Mombasa, wa Malindi, wa Unguja au wa Ngazija humaliza ya kwao kisha akasafiri. Zamani alisafiri kwa jahazi, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Mfungo Sita huzunguka majira yote katika muda wa miaka kama 33. Kuna miaka Maulidi huangukia kaskazi, mtu wa kusini akapambana na upepo wa mbele. Kuna miaka huangukia kusi, akapelekwa kama jani, shida ikawa kurudi. Aliyekwenda Lamu kila mwaka katika ujana wake hadi uzeeni aliijua bahari katika sura zake zote, na hilo peke yake lilikuwa lengo la kujivunia.

Wazee wetu walikuwa na mwaka mwengine vile vile, wa jua, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, nao una mchezo wake. Makunduchi bado wanaukoga mwaka kila Julai, wanaume wakichapana kwa mapanda ya migomba, ugomvi wa mwaka mzima ukamalizwa hapo, na kibanda cha makuti kikatiwa moto. Sitaki kuyachanganya mambo mawili yenye asili mbali mbali. Nataka kusema tu kwamba watu wa pwani, ukiwatazama kwa kalenda zao zote mbili, hawakuuacha mwaka uishe kimya.

Turejee kwenye hoja ya kwanza, ya wanavyuoni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alianzisha magazeti katika miaka ya 1930, la Sahifa na la Al-Islah, ili kuwaamsha Waislamu wa pwani, na aliyachukia matumizi ya mali katika mambo yasiyo na msingi katika sharia. Baada yake Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja, mfasiri wa Kurani na Kadhi Mkuu wa Kenya toka 1968, aliandika kwa ukali juu ya bidaa, na matari msikitini yalikuwa miongoni mwa aliyoyakemea. Watu wa Riyadha walijibu kwa vitabu na kwa mawaidha. Mjadala huo haujesha, na si kazi ya mwandishi wa insha kuutolea fatwa.

Lakini mwanahistoria anaruhusiwa kuona mambo mawili. La kwanza, Sheikh Abdulla mwenyewe alikuwa mshairi, tena ndiye aliyetuandikia, katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, kilichotoka mara ya kwanza 1944, khabari nyingi za mashekhe hao hao. Mpinzani wa desturi akawa mhifadhi wa kumbukumbu yake. Watu wa elimu ndivyo wanavyogombana. La pili, hoja ya kupoteza mali ilikuwa na uzito wake pale mitaa ilipokuwa ikifilisika kwa karamu za kushindana. Riyadha iliitikia hoja hiyo, ingawa si kwa njia waliyoitaka wapinzani wake. Iliwachukua wale wale washindani na ikawapa la kushindania lisilowafilisi: sauti, kumbukumbu, na nidhamu ya mkono juu ya ngozi ya twari.

Unguja ina jibu lake, Maulidi ya Homu. Wanaume hupiga magoti kwa safu, mabega yakigusana, na kwa mlio wa matari miili yao huinama na kuinuka, huenda kulia na kushoto, polepole kwanza kisha kwa kasi, mpaka safu nzima ikawa kama wimbi moja linalotafuta ufuko. Nasaba yake hutajwa kuwa ni ya tarika ya Rifai, na kundi la Mtendeni ndilo lililoijulisha kwa walimwengu. Nimesikia watu wakiisifu kama mchezo wa jukwaani, na sipendi sifa hiyo. Ugumu wa Homu uko katika kwamba hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuonekana. Anayejitokeza ameiharibu safu.

Kasida nazo ziombewe hakimu mzuri. Kila chuo hujitayarisha miezi mingi. Mwalimu hutafuta maneno, au huyatunga. Huyavisha sauti, na hapo mara nyengine husikika mahadhi yaliyokopwa kwenye taarabu au kwenye filamu ya Kihindi, jambo linalowaudhi wengine. Watoto huhifadhi kwanza bila ya kuelewa, kisha wakielezwa, kisha wakasahihishwa matamshi, herufi baada ya herufi. Mtoto aliyeambiwa asome tu hulala. Aliyeambiwa kwamba Mfungo Sita chuo cha mtaa wa pili kitakuja na kasida yake, hukesha. Wanawake hawakuwa watazamaji tu. Zipo Maulidi zinazosomwa na wanawake majumbani, na kofia za kiua zenye vitundu vilivyodarizwa kwa sindano, tundu baada ya tundu kwa miezi, nyingi zimetoka mikononi mwao. Uzuri wa safu nyeupe ya wanaume usiku wa Maulidi ni kazi ya mikono isiyoonekana kwenye safu hiyo.

Katika miongo ya karibuni wiki ya Maulidi imeongezewa michezo iliyopangwa: mashindano ya punda kando ya bahari, ya mashua, ya kuogelea, ya kuvuta kamba, ya bao, na ya khati. Lamu ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wenye kamera wameongezeka. Wako wanaonung'unika kwamba punda wamewafunika masharifu. Mimi mashindano ya punda siyaonei haya. Punda wa Lamu ndiye mchukuzi wa mawe, mchanga na chokaa katika vichochoro visivyopita gari, na mpandaji wake kwa siku nyengine zote za mwaka hupishwa njia kwa sababu ya vumbi, si kwa sababu ya heshima. Siku ile moja mji mzima humshangilia kwa jina. Aliyewakalisha wachukuzi safu ya mbele zaidi ya miaka mia iliyopita sidhani angeghadhibika.

Kinachonishughulisha zaidi ni khati, kwa kuwa hiyo yaweza kupotea bila ya kelele. Siyu ilisifika karne ya 18 na 19 kwa kunakili Misahafu, yenye mapambo ya rangi nyekundu na nyeusi pembezoni. Kijumwa aliandika kwa kalamu ya mwanzi, kwa herufi za Kiarabu alizozitia alama zake mwenyewe ili zibebe sauti za Kiswahili. Miswada yake mingi iko London na Ujerumani. Ile ya Riyadha yenyewe ilipigwa picha katika miaka ya 2010 kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, na kijana mwenye simu na intaneti aweza leo kuufungua ukurasa wa kitabu ambacho babu yake hakuruhusiwa kukigusa. Kuisoma herufi ile ni jambo jengine. Vijana wanaoingia mashindano ya khati wakati wa Maulidi wengi wao huandika aya na majina matukufu kwa Kiarabu. Lau waandaaji wangeongeza fungu moja tu, la ubeti wa Kiswahili kwa herufi za Kijumwa, wangepata washindani kutoka Faza hadi Matondoni, na wangekuwa na mwaka mzima wa kujifunza.